Uso wa Mizani: Haki Inayoonekana na Imani kati ya Watu

Watu wanaouziana, wanaogawana au wanaofanya kazi pamoja huaminiana kwa kadiri kila mmoja anavyoona kwamba anatendewa haki. Kutenda haki peke yake hakutoshi. Anayetendewa lazima awe na njia ya kuiona na kuihakiki. Mizani yaweza kuwa sahihi na mkulima akaondoka akiamini ameibiwa, kama ambavyo yaweza kuwa imechezewa na mkulima akaondoka akishukuru. Katika hali ya kwanza imani hufa bila kosa la mtu. Katika hali ya pili huishi hadi siku hila itakapojulikana, na siku hiyo hata waliokuwa waaminifu hushukiwa.

Suala hili limerudi midomoni mwa wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, kwa kuwa katika misimu ya karibuni mizani ya rula imeanza kuondolewa vituoni na mahali pake kuletwa mizani ya kidijitali. Wapo wanaoishangilia mizani hiyo mpya. Wapo pia wanaosema kwamba ile ya zamani angalau waliiona ikipanda na kushuka, lakini hii inatoa namba tu, na namba haisemi imetoka wapi. Mabishano hayo yamefufua kumbukumbu za mwandishi wa makala haya, mtoto wa mkulima wa pamba aliyepata kuwa karani wa chama cha msingi na baadaye mwalimu wa utunzaji wa hesabu za ushirika. Aliyoyaona katika vipindi hivyo yanaelezwa hapa kwa mfuatano wake, pamoja na kile ambacho kila tukio linafundisha kuhusu haki na imani.

Manung'uniko ya mizani Usukumani ni ya zamani kuliko ushirika wenyewe. Wakati wa ukoloni wakulima waliuza pamba kwa wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Asia, na mizani ilikuwa ya mnunuzi, karani wa mnunuzi na kalamu ya mnunuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 baadhi ya wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe, ili mzigo upimwe upande wao kabla ya kufika kwenye mizani ya mnunuzi. Harakati za namna hiyo, zikiongozwa na watu kama Paul Bomani, zilizaa mwaka 1955 shirikisho la vyama vya ushirika vya pamba lililojulikana kama Victoria Federation of Co-operative Unions, lililokuja kuhesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kuikabidhi kazi ya ununuzi kwa mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikaruhusu vyama virudi. Utoto wa mwandishi uliangukia katika kipindi hicho cha katikati, ambapo mkulima alikuwa na mnunuzi mmoja tu.

Kituo cha kununulia pamba kilikuwa ghala la bati kando ya barabara ya vumbi. Mizani ilining'inizwa kwenye boriti, ndani kidogo ya mlango, na upande wenye namba ulimwelekea karani. Mkulima, aliyesimama nje, aliona ndoano, mnyororo na mgongo wa chuma. Karani alisogeza rula kwa kidole, akataja kilo, akaandika stakabadhi, akaita mwingine. Mtu aliyebeba furushi lile kichwani tangu alfajiri alikuwa na makadirio yake ya uzito shingoni, na mara nyingi makadirio ya shingo na ya karani hayakulingana.

Siku moja mama mmoja alipitia kituoni akitoka kliniki. Kadi ya mtoto wake ilikuwa na uzito ulioandikwa asubuhi ileile, kilo kumi na kidogo. Pamba yake ilipokwisha kupimwa, alimshusha mtoto mgongoni, akamfunga katika shuka ya pamba iliyobaki tupu, akamsogezea karani. "Nipimie na huyu, baba," akasema. Foleni ikacheka, kisha ikanyamaza kungoja. Karani akajibu kwamba mizani ya serikali si ya kupimia watoto, akamwamuru apishe wengine. Mama hakubishana. Aliirudisha kadi kwenye pindo la khanga na kuondoka.

Hakuna aliyepata kujua kama mizani ile ilikuwa na kasoro, na huenda ilikuwa sawa. Lakini hadi jioni kijiji kilikuwa kimekwisha kukata hukumu, na ushahidi pekee ulikuwa kule kukataa. Mtu asiye na taarifa hakai bila maoni. Hujaza pengo kwa kile anachokiona, na kinachoonekana zaidi ni mwenendo wa aliyeshika kipimo. Kwa sababu hiyo anayekataa kipimo chake kihakikiwe hupoteza imani hata kama hajachukua gramu moja ya mtu.

Hukumu ile haikuishia kwenye maneno. Msimu uliofuata pamba ilinyunyiziwa maji usiku, mchanga ukatiwa katikati ya mafurushi, na pamba fifi ikafunikwa juu kwa pamba safi. Waliofanya hivyo hawakujiona wezi; kwa maoni yao walikuwa wanajirudishia kilo zao. Kituo nacho kikajibu kwa kukata kilo za unyevu kwenye kila furushi, liwe bichi au kavu. Aliyeumia kuliko wote akawa mkulima mwaminifu, kwa kuwa alikatwa kwa ajili ya maji ambayo hakuyamwaga. Hivyo ndivyo shaka inavyozaa udanganyifu: anayejiona amedhulumiwa hujipa ruhusa ya kudhulumu, na aliyedhulumiwa kwa kisasi hicho hupata sababu ya kukaza zaidi. Baada ya misimu michache hakuna tena anayeweza kusema nani alianza.

Kwamba watu wako tayari kupata hasara ili kukataa dhuluma kumethibitishwa pia katika majaribio. Mwaka 1982 mchumi wa Ujerumani Werner Güth na wenzake walichapisha jaribio rahisi. Mtu mmoja hupewa fedha na kuamua amgawie mwenzake kiasi gani. Mwenzake akikubali, kila mmoja huchukua sehemu yake. Akikataa, wote wawili hukosa. Kwa hesabu tupu mpokeaji angekubali hata senti, kwa kuwa senti ni bora kuliko kukosa. Mara nyingi haiwi hivyo: mgao ukiwa mdogo mno, wengi huona heri wote wakose. Baadaye kundi la watafiti, akiwemo Joseph Henrich, lilipeleka jaribio hilo katika jamii 15 ndogondogo duniani, wakiwemo Wahadza wa Tanzania na Waorma wa Kenya. Ilionekana kwamba kiwango kinachohesabiwa kuwa haki hutofautiana. Wamachiguenga wa Peru walikubali migao midogo bila kinyongo, lakini miongoni mwa Wahadza migao ya namna hiyo ilikataliwa mara kwa mara. Waorma, walipoletewa mchezo mwingine wa kuchangia mfuko wa pamoja, waliutambua papo hapo wakauita harambee. Maana yake ni kwamba watu hupima haki kwa desturi walizozoea kugawana kwazo, na mgeni anayeleta kipimo chake bila kuzijua desturi hizo huweza kuwaudhi watu huku akidhani amewatendea wema.

Desturi moja ya namna hiyo ilikuwepo katika bwalo la shule ya bweni ambako mwandishi alisoma sekondari. Kila meza ililetewa sinia moja la ugali. Mwanafunzi wa zamu aliukata kwa ukingo wa sahani, na kanuni ilikuwa kwamba mkataji huchukua kipande cha mwisho. Hakuna aliyepima kwa rula, lakini vipande vilitoka sawa, kwa kuwa aliyekata alijua kwamba kidogo kuliko vyote kitakuwa chake. Zamu ilizunguka kila wiki. Meza nyingi ziliwawekea chakula waliochelewa mazoezini au zahanati, na mtu alikikuta kama kilivyoachwa.

Muhula mmoja utaratibu ulibadilishwa: viranja waliruhusiwa kujikatia kwanza. Ugali jikoni haukupungua, na kilichochukuliwa zaidi kilikuwa kidogo kwa kila meza. Hata hivyo ndani ya wiki chache wanafunzi walianza kuwahi bwaloni kabla ya kengele, vijiko vikafichwa mifukoni, na desturi ya kumwekea mwenzako ikafa. Viranja hawakuwa wameigusa desturi hiyo ya mwisho hata kidogo. Upendeleo wa walio juu huharibu pia imani kati ya walio sawa, kwa sababu kila mmoja huanza kudhani kwamba mwenzake naye, akipata mwanya, atafanya vilevile. Kinga iliyokuwepo awali ilikuwa nyepesi na haikuhitaji watu wema kuliko wengine. Ilihitaji tu kwamba mkataji asiwe wa kwanza kuchagua.

Mwaka 1994 ununuzi wa pamba ulifunguliwa kwa kampuni binafsi, na katika miaka iliyofuata mwandishi aliajiriwa kwa msimu kuwa karani wa chama cha msingi. Wanunuzi walikuwa wengi, kila mmoja na mizani yake chini ya mti wake, na baadhi walitangaza bei iliyozidi ya chama kwa shilingi kadhaa. Mwenyekiti wa chama, mzee ambaye elimu yake ilikuwa ya darasa la nne, hakuwa na fedha za kushindana nao kwa bei. Alichofanya ni kuitoa mizani ghalani, kuining'iniza nje, na kuigeuza uso uelekee foleni. Kila asubuhi, kabla ya mzigo wa kwanza, jiwe la mizani la kilo 20 lenye mhuri wa wakaguzi wa vipimo lilining'inizwa mbele ya watu wote. Mkulima yeyote aliweza kuliomba tena saa yoyote. Karani alisoma kilo kwa sauti, mwenye mzigo akazirudia, ndipo zikaandikwa.

Wiki za mwanzo jiwe lilitakiwa kila baada ya mizigo michache, na foleni ikachelewa. Kisha maombi yakapungua, na kufikia katikati ya msimu jiwe lilikuwa kiti cha watoto waliosindikiza wazazi wao. Siku lilipopelekwa wilayani kugongwa mhuri upya, baadhi ya wakulima waliirudisha mizigo nyumbani kungoja lirudi, ingawa walikuwa hawajaliomba kwa muda mrefu. Mkulima aliyeliamini jiwe lile alikuwa ameacha kulitumia kwa sababu moja tu: alijua lipo. Imani ya namna hii ni tofauti na kufumba macho. Imesimama juu ya uwezo wa kuhakiki, na uwezo huo ukiondolewa nayo huondoka.

Kazi ya ukarani ilionyesha pia chanzo cha hila nyingi zilizokuwa zikilaumiwa kwa tamaa ya mtu mmoja mmoja. Pamba hukauka. Furushi lililopimwa kijijini asubuhi hupungua uzito likiwa ghalani na njiani, na gari likifika kwenye kinu cha kuchambulia hupimwa upya kwenye mizani ya magari. Makarani wa vyama hawakuruhusiwa kuingia katika chumba cha mizani hiyo. Walipewa karatasi dirishani. Tofauti kati ya kilo za kijijini na za kinuni iliitwa upungufu, na katika vyama vingi ilikatwa kwenye ujira wa karani. Makarani wengi walijilinda kwa kupunguza nusu kilo hapa na pale kwenye kila mzigo. Mkulima alimwona karani mwizi. Karani alijiona analipa deni la jua na la mizani asiyoiona. Dhuluma iliyoanzia kinuni ilishuka ngazi kwa ngazi hadi kwa aliyekuwa hana wa kumshushia.

Mwenyekiti yule aliliweka jambo hilo mbele ya mkutano mkuu. Baada ya ubishi mrefu ilikubaliwa kwamba kila gunia likatwe kiasi kidogo kwa ajili ya kukauka, kiasi hicho kiandikwe ubaoni, upungufu uwe wa chama badala ya karani, na kilo zitakazobaki mwisho wa msimu zilipwe kwa wakulima. Watu walinung'unika kuhusu makato, lakini waliendelea kuleta pamba. Kwa kilo, makato yale hayakuwa madogo sana kuliko yale yaliyochukuliwa kwa siri kwenye vituo vya jirani. Tofauti ilikuwa kwamba kilichokatwa hadharani kilikuwa na sababu, kikomo na mahali pa kuulizwa.

Nafasi ya maelezo katika imani ilidhihirika zaidi wakati wa kuporomoka kwa bei. Machi 2011 bei ya nyuzi za pamba katika soko la New York ilipita dola 2 kwa ratili, na msimu huo wakulima wa Kanda ya Ziwa walipata zaidi ya shilingi 1,000 kwa kilo ya pamba mbegu. Mwaka uliofuata bei dira, yaani bei elekezi ya msimu, ilitangazwa kuwa shilingi 660. Mwandishi, wakati huo akifundisha utunzaji wa hesabu, alikuwa akizungukia vyama kadhaa. Katika kijiji kimoja bei ilibandikwa mlangoni mwa ofisi kwa karatasi yenye mhuri, na viongozi hawakuonekana siku ile. Katika kijiji cha pili katibu alileta ubao na chaki. Alionyesha kwamba kilo tatu za pamba mbegu hutoa takriban kilo moja ya nyuzi, akaandika bei ya dunia ya mwaka ule na ya mwaka uliotangulia, akaondoa gharama za kuchambua, za magunia na za usafiri hadi bandarini. Mzee mmoja alisimama akauliza mbegu zinazobaki baada ya kuchambua zinaenda wapi, kwa kuwa hukamuliwa mafuta na kuuzwa. Katibu hakuwa ameziandika. Alifuta, akaziingiza, akaanza kujumlisha upya.

Bei haikubadilika katika kijiji chochote kati ya hivyo viwili. Katika kile cha kwanza, pamba ilibaki majumbani kwa wiki kadhaa na uvumi ukaenea kwamba viongozi wameuza kijiji; lisemwalo lipo, watu waliambizana, na kama halipo laja. Katika cha pili waliuza huku wakilalamika, lakini walalamikiwa walikuwa soko na serikali, si katibu wao.

Kitu kinachofanana na hicho kiliwahi kuchunguzwa viwandani. Mwaka 1990 mtafiti wa Marekani Jerald Greenberg alichapisha habari za viwanda viwili vilivyopunguza mishahara kwa asilimia 15 kwa muda wa wiki 10. Katika kimoja wafanyakazi walielezwa sababu kwa kirefu, wakaonyeshwa hesabu na kupewa pole. Katika kingine walipewa taarifa fupi. Wizi wa mali ya kiwanda uliongezeka kote kuwili, lakini uliongezeka zaidi pale maelezo yalipokuwa haba, ingawa makato yalikuwa sawa. Kabla ya hapo, katika kitabu chao cha mwaka 1975, mwanasaikolojia John Thibaut na mwanasheria Laurens Walker walikuwa wameonyesha kwamba mtu hukubali kwa urahisi zaidi uamuzi unaomuumiza endapo alipata nafasi ya kusema upande wake. Swali la mbegu lilikuwa nafasi ya namna hiyo. Halikuongeza shilingi, bali lilithibitisha kwamba hesabu ile ingeweza kupingwa na mtu wa kawaida na ikapokelewa.

Hata hivyo, uwazi wa hatua moja hauwezi kufunika giza la hatua nyingine. Hili lilionekana kusini mwa nchi, katika korosho. Tangu msimu wa 2007/2008 korosho zimeuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: mkulima hupeleka mzigo ghalani kupitia chama chake, wanunuzi huweka zabuni, na katika minada aliyoihudhuria mwandishi zabuni zilisomwa kwa sauti mbele ya wakulima, jina la mnunuzi, tani na bei. Mnada wa namna hiyo ni hatua ya haki inayoonekana kikamilifu. Lakini fedha hupita mikono kadhaa kabla ya kumfikia mkulima, na makato ya njiani hayasomwi kwa sauti. Aprili 2013, wilayani Liwale, malipo ya pili yalipokuja pungufu kuliko yaliyotarajiwa, hasira ililipuka na nyumba za viongozi kadhaa zikachomwa moto. Wakulima walikuwa na kumbukumbu ya bei waliyotarajia. Wasichokuwa nacho ni maelezo ya kutosha ya jinsi ilivyofika mkononi ikiwa imepungua.

Oktoba 2018 wakulima wa Mtwara na Lindi walizikataa bei za mnadani, na Novemba serikali ikaamua kuzinunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Ilikuwa bei nzuri kuliko zilizokataliwa. Kabla ya kulipwa, hata hivyo, kila mkulima alitakiwa kuhakikiwa kama kweli ana shamba, ili kuwanasa wafanyabiashara wa kangomba, yaani wale wanaonunua korosho za wanyonge mapema kwa bei ya kutupa, mara nyingi kwa kibaba badala ya mizani. Nia ilikuwa kumlinda mkulima. Lakini malipo yalichelewa, wengi wakikaa miezi bila kujua watalipwa lini, na wenye mashamba yao halali walijikuta wakithibitisha kwamba si wezi. Kwa hiyo bei nzuri nayo haikununua imani. Uhakiki ulikwenda upande mmoja: mkulima aliulizwa kuhusu mikorosho yake, na yeye hakuwa na wa kumuuliza kuhusu tarehe.

Kutokana na matukio haya, masharti ya imani yanaweza kutajwa kwa uwazi. Kipimo lazima kionekane na pande zote mbili. Lazima kuwe na njia ya kukihakiki iliyo mikononi mwa yule asiyekishika. Mwenye kugawa asiwe wa kwanza kuchagua. Hasara isiyoepukika igawanywe kwa makubaliano, isisukumwe chini hadi kwa mnyonge wa mwisho. Uamuzi unaoumiza uelezwe kwa hesabu zinazoweza kuulizwa maswali, na uwazi ufuate fedha hadi mkononi, usiishie mnadani. Na kuonekana kwa haki kusiwe pambo la kufunika dhuluma, kwa kuwa imani iliyopatikana kwa hila ikivunjika huchukua miaka mingi zaidi kujengwa upya.

Mizani ya kidijitali inatimiza sharti la kwanza vizuri: namba zake husomeka kwa mbali, na nyingine hutoa stakabadhi iliyochapwa. Masharti mengine haiyagusi. Haisemi nani ameirekebisha na lini, haioni kinachokatwa baada ya kupima, haizuii upungufu wa kinuni kuangukia ujira wa karani, wala haijibu swali la mzee anayeuliza kuhusu mbegu. Vituo vinavyoipokea vitahitaji bado jiwe lenye mhuri ambalo mkulima anaweza kuliomba, ubao wa makato, na mkutano ambao mtu anaweza kusimama na kuuliza.